Mbwa wangu mzee ameanza kukojoa ndani: ni wivu au ni ugonjwa?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina mbwa jike anayeitwa Popi, ana miaka 11 na uzito wa kilo 22, alitolewa kizazi akiwa bado mdogo. Tangu alipozoea kutoka nje hajawahi kuchafua nyumba. Sasa ni wiki ya 3 anakojoa ndani, zaidi usiku, sebuleni karibu na mlango wa nyuma, na mara mbili nimekuta kitanda chake kimelowa. Juzi nilikuta kinyesi koridoni. Yote yalianza siku chache baada ya mdogo wangu kuhamia kwetu na mtoto wake mchanga, kwa hiyo baba watoto anasema ni wivu. Nikimpeleka penye mkojo na kumgombeza anainamisha kichwa na kufyata mkia, yaani kosa lake analijua. Siku hizi bakuli lake halikai na maji, basi nimeanza kuliondoa saa 12 jioni, lakini sioni nafuu. Je, mbwa wa umri huu bado anafundishika, au nimhamishie nje?

JIBU: Dada yangu, kabla hujasoma zaidi, mrudishie Popi maji yake. Fanya hivyo sasa hivi, na yakae hapo usiku kucha.

Katika barua yako yote, sentensi iliyonisimamisha ni ile uliyoiandika kama ya kupita njia, kwamba bakuli halikai na maji. Wengi hudhani mbwa anakojoa sana kwa kuwa anakunywa sana. Kwa mbwa mzee mara nyingi mambo ni kinyume. Figo ndizo zinazomwaga maji, naye anakunywa ili kurudisha yaliyopotea. Ukimwondolea bakuli jioni, figo hazina habari. Zinaendelea kumwaga vilevile, na kinachopungua ni maji ya mwilini mwake. Ndiyo maana hukuona nafuu. Na kama ni figo zenyewe zilizochoka, au ni kisukari, kumlaza na kiu siku kadhaa mfululizo kunaweza kumtoa kwenye hali ya kula na kutembea na kumfikisha kwenye dripu.

Halafu hili la wivu. Namwelewa baba watoto. Mgeni kaja, mtoto analia, siku chache baadaye sebule inanuka, nani asingeyaunganisha? Lakini ili mbwa akojoe kwa kukomoa, lazima kwanza auone mkojo kuwa uchafu kama unavyouona wewe, kisha apange leo jambo la kukuudhi kesho asubuhi. Mbwa hana mawazo hayo. Kwake mkojo ni habari ya kunusa, na kukuachia wewe habari hiyo sebuleni si tusi.

Kichwa kuinama na mkia kufyatwa nako kumeshachunguzwa. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Barnard College, New York, alichapisha jaribio la mbwa 14. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake kula kitu kitamu, akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa mbwa amekula au hajala, na mara nyingine alichoambiwa hakikuwa kweli. Ile sura tunayoiita ya kujua kosa haikufuata kama mbwa alikuwa amekula. Ilifuata kama amegombezwa, na ilionekana zaidi kwa wale waliogombezwa bila kosa. Popi anasoma sauti yako na mabega yako, anajaribu kukutuliza. Dimbwi la saa 9 usiku na ghadhabu ya saa 12 asubuhi, kwake ni mambo mawili yasiyo na uhusiano.

Kumgombeza kunaleta na tatizo jipya. Mbwa hujifunza kwamba kukojoa ukiwa karibu ni hatari. Ataanza kujificha nyuma ya kochi, na ukimtoa nje akiwa kwenye kamba atabana, akirudi ndani akafungulie chumba kisicho na mtu. Mwenyewe ataapa kwamba mbwa huyu anafanya makusudi.

Hata hivyo ujio wa wageni simpuuzii mtu. Mgeni akihamia, milango hubadilika. Pengine mdogo wako anafunga mlango wa korido usiku ili mtoto asiamke, pengine Popi alizoea kuja kukwaruza mlango wa chumba chako na sasa hafiki, pengine matembezi ya saa 4 usiku yamesogea hadi saa 2 kwa sababu nyumba nzima imechoka. Wageni kama hao hawamfanyi mbwa kuwa mgonjwa, ila wanafichua ugonjwa uliokuwa unabebwa kimyakimya. Miezi miwili iliyopita Popi huenda alikuwa tayari anaamka usiku kutoka, nawe ukamfungulia mlango ukiwa nusu usingizini, bila kuhesabu.

Kwa kila mbwa mzee aliyeanza kuchafua ndani mimi huanza na swali moja: je, alijua kwamba anakojoa? Siulizi kama alijua ni kosa. Nauliza kama mwili ulimpa habari. Kuna mbwa anayeamka na kukuta alipolala pamelowa, akaanza kujilamba kwa mshangao kama aliyemwagiwa maji, huyo hakujua. Kuna aliyejua vizuri kabisa, lakini kibofu kilijaa kabla hujaamka, au miguu haikumfikisha mlangoni. Na kuna anayesimama katikati ya sebule mchana kweupe, akachuchumaa mbele yako kama yuko kwenye majani. Huyo alijua anakojoa, kilichompotea ni wapi. Wote watatu wanaacha mkojo ule ule sakafuni, na kila mmoja ana tiba yake.

Popi ameacha ushahidi wa aina mbili. Dimbwi la karibu na mlango wa nyuma ni la mbwa aliyekuwa njiani. Alishikwa, akainuka, akaenda pale anapotokea siku zote, akakuta pamefungwa. Adabu yake ya miaka yote bado iko kazini. Kitanda kilicholowa ni habari nyingine: hapo mkojo ulitoka akiwa amelala. Mambo haya yanaweza kuwa na mzizi mmoja. Kibofu kikijazwa kupita kiasi kila usiku, msuli unaofunga njia ya mkojo, ambao kwa jike mzee aliyetolewa kizazi mara nyingi umeshaanza kulegea, hushindwa pale mwili mzima unapolegea usingizini. Ndiyo maana narudi kwenye maji.

Yapime. Asubuhi mimina lita 3 kwenye bakuli kubwa, au mabakuli mawili, kwa chupa ambayo ujazo wake unaujua. Kesho yake saa ileile pima yaliyobaki, utoe. Rudia kwa siku 2 au 3, maana siku moja ya joto inadanganya. Funika ndoo na beseni anazoweza kuzifikia, na kama kuna mnyama mwingine anayekunywa hapo, mtenge. Mbwa mzima wa afya hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, pungufu zaidi kama chakula chake kina majimaji. Kwa kilo 22 hiyo ni kama lita 1.1 hadi 1.3. Inapopita mililita 100 kwa kilo, yaani lita 2.2 kwa Popi, madaktari hawabishani tena kwamba kuna tatizo. Akiangukia katikati, lakini wewe unajua zamani alikuwa anakunywa nusu ya hapo, bado ni habari ya kumpelekea daktari.

Siku ya kwenda kwa daktari wa mifugo, beba mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla hajanywa wala kula. Jike huchuchumaa chini sana, kikombe hakipiti. Tumia upawa wenye mpini mrefu au sahani bapa iliyooshwa ikakauka. Mfunge kamba, tembea naye ubavuni, ngoja aanze ndipo uupitishe upawa taratibu kutoka nyuma. Ukifanya haraka ataacha na kukutazama, nawe utazunguka naye nusu saa nyingine. Vijiko vichache vinatosha. Tia kwenye kichupa safi chenye mfuniko, na kama huwezi kufika mara moja kiweke kwenye friji, si kwenye friza, kifike siku hiyohiyo. Ukikosa kabisa, usisumbuke. Daktari anaweza kuvuta mkojo moja kwa moja kibofuni kwa sindano nyembamba, na kama ni wa kuotesha vijidudu, yaani kuvikuza maabara ili vitambulike, huo ndio mzuri zaidi kwa sababu haujagusa ngozi wala sakafu.

Kipimo cha kwanza ni rahisi kuliko vyote, nami huwa nashangaa kinavyorukwa. Matone machache ya mkojo kwenye kifaa kidogo cha kioo yanaonyesha ulivyo mzito ukilinganishwa na maji. Maji ni 1.000. Mbwa ambaye figo zake zinabana maji vizuri, mkojo wake wa asubuhi kwa kawaida hupita 1.030. Ukisomeka kati ya 1.008 na 1.012, figo zinapitisha tu, hazibani wala hazizimui. Figo hupoteza uwezo huo wa kubana pale takriban theluthi 2 ya vichujio vyake vinapokuwa vimekufa, wakati kreatinini, ile taka ya mwilini inayotolewa na figo, kwenye damu kwa kawaida husubiri hadi robo 3 ndipo ipande kupita kiwango. Kwa hiyo dimbwi la sebuleni linaweza kukutangulizia habari ambayo damu bado haijaitoa, na mbwa aliyegunduliwa mapema hivyo ana muda mzuri wa kuishi kwa chakula maalumu na uangalizi.

Ukanda wa kuchovya kwenye mkojo huohuo utaonyesha sukari. Sukari ya damu ikipita takriban 180 hadi 220 mg/dL figo haziwezi kuirudisha yote; inamwagika na kuvuta maji pamoja nayo. Mbwa wa kisukari hula vizuri, pengine kuliko zamani, huku mbavu zinaanza kuhesabika. Ugonjwa wa Cushing una sura tofauti. Tezi za juu ya figo humwaga homoni ya kotisoli nyingi mno, mara nyingi kwa kuchochewa na uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na mbwa anakuwa na kiu, njaa isiyoshibishika, tumbo lililoning'inia, kuhema hata akiwa amejilaza kivulini, na manyoya yanayonyonyoka ubavuni pande zote mbili. Huyu watu husema kanenepa kwa uzee. Kalsiamu ikipanda kwenye damu nayo huleta kiu ya namna hiyo, na kwa mbwa mzee huwa tunaitafuta saratani nyuma yake.

Nakiri kosa langu la miaka ya mwanzo kazini. Nililetewa mbwa dume mzee, mwenyewe alikuwa amehama nyumba, nami nikajibu upesi kwamba ni msongo wa kuhama. Nikampa ratiba ya kutoka, nikampa maneno ya faraja. Wiki 4 baadaye alirudi amekonda, na ukanda wa mkojo ukageuka rangi nikiwa bado naushika mkononi. Tangu siku hiyo sizungumzi tabia na mtu kabla sijaona mkojo.

Ukifika kwa daktari, taja na dawa zote, hata zile zilizokwisha. Sindano au vidonge vya steroidi kama prednisoloni alivyopewa kwa ajili ya kujikuna, fenobabitoni ya kifafa, furosemidi ya moyo: zote hufanya mbwa anywe na akojoe kupita kawaida. Mara nyingi mtu hukumbuka sindano ya ngozi akiwa ameshafika mlangoni kuondoka.

Maambukizi ya njia ya mkojo huja kwa namna nyingine. Mbwa hukojoa kidogokidogo mara nyingi, anachuchumaa tena dakika mbili baadaye, analamba sehemu zake, na mkojo unaweza kuwa na damu au kunuka vibaya. Majike hupata zaidi kwa kuwa njia yao ni fupi. Lakini kwa mbwa mzee usiishie hapo, kwa maana maambukizi mara nyingi yameingia kupitia mlango uliofunguliwa na kisukari, Cushing, figo au mawe kibofuni. Akipewa vidonge akapona wiki moja kisha yakarudi, omba mkojo uoteshwe na kibofu kipigwe picha, badala ya kupewa vidonge vile vile mara ya tatu.

Kama vipimo vyote hivi vitakuja safi na maji yake yakawa ya kawaida, kitanda kilicholowa kinaelekeza kwenye ule msuli uliolegea. Hali hii huanza miezi au miaka mingi baada ya kutolewa kizazi, na mbwa wakubwa huipata zaidi kuliko wadogo. Dalili yake ni hiyo hiyo uliyoiona: amelala, ameinuka, pamelowa, yeye mwenyewe hana habari. Inatibika vizuri. Fenilpropanolamini hukaza msuli, estrioli hurudishia tishu sehemu ya homoni iliyopungua, na daktari huchagua kwa kuangalia shinikizo la damu na moyo. Wengi hukauka kabisa wakiwa kwenye dawa. Usimkatie vidonge vya mafua au vya homoni vya binadamu kwa kusikia majina yanafanana.

Sasa kinyesi cha koridoni. Hujaniambia kilikuwa cha namna gani, na hapo ndipo penye jibu. Kama kilikuwa laini au cha kuharisha, alishikwa ghafla na mlango ulikuwa umefungwa. Tumbo lilisumbuka siku moja, tuone kama litarudia. Kama kilikuwa kigumu cha kawaida lakini kimetawanyika vipandevipande kwa mstari, kama kilichodondoka akitembea, nataka mgongo na miguu ya nyuma ichunguzwe. Maungio yaliyochakaa humfanya mbwa ashindwe kuchuchumaa kwa muda wa kutosha. Anaanza nje, anaumia, anakatisha, anamalizia ndani akiwa anatembea. Mwangalie akiamka asubuhi: je, anajinyanyua kwa mikono kwanza na kuburuta nyuma? Anasita kwenye ngazi? Miguu inateleza kwenye vigae? Kucha za nyuma zinakwaruza chini? Mbwa hulalamika kwa maumivu makali ya ghafla. Haya ya kila siku huyanyamazia, na sisi tunaita uzee.

Usimpe dawa ya maumivu kutoka kwenye kabati lako. Ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa tumbo na kuziangusha figo, na figo zake ndizo tunazozitilia shaka. Zipo dawa za maungio zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, lakini hata hizo hutolewa baada ya damu kupimwa.

Umeuliza kama anafundishika, na nadhani ndani ya swali hilo kuna hofu nyingine, kwamba akili yake imeanza kuondoka. Inaweza kutokea. Ubongo wa mbwa mzee hujikusanyia mabaki ya protini yanayofanana na yale ya wazee wa binadamu wenye ugonjwa wa Alzheimer. Utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha California, Davis, na kuchapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba kati ya mbwa wa miaka 11 hadi 12, asilimia 28 walikuwa na angalau dalili moja ya kupungukiwa akili uzeeni, na kwa wale wa miaka 15 hadi 16 ikawa asilimia 68. Kwa hiyo umri wa Popi unaruhusu. Lakini kuchafua nyumba peke yake hakutoshi kumpa jina hilo. Ningetegemea umwone akisimama kwenye kona kama aliyesahau alikuja kufuata nini, akisukuma mlango upande wa bawaba, akilala mchana na kuzurura usiku akibweka bila sababu, akikutazama kama mgeni, au akitoka nje, akazunguka, akarudi ndani na kukojoa hapohapo kwenye zulia. Popi bado anaujua mlango wa nyuma hata gizani. Hilo linanifanya niweke akili mwisho kwenye orodha.

Kama siku moja itafika huko, si mwisho wa mambo. Dawa iitwayo selejilini huwasaidia baadhi yao, na vipo vyakula vya mbwa wazee vyenye mafuta ya mnyororo wa kati ambayo ubongo huyatumia kama nishati ya akiba. Taa ndogo ikiachwa inawaka usiku, samani zisipohamishwahamishwa na saa za kutoka zisipobadilika, mbwa wa namna hiyo hukaa vizuri kuliko unavyotarajia. Ila ugonjwa huu tunaufikia kwa kuondoa mengine kwanza, hakuna kipimo cha damu kitakachokutajia.

Kuna mambo ambayo hayangoji. Mbwa anayejikamua na hakitoki kitu, au matone tu, huenda njia imeziba, na hiyo ni safari ya saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Miguu ya nyuma ikilegea ghafla sambamba na kuvuja mkojo, vivyo hivyo. Mgongo unaweza kuwa unabanwa. Kutapika pamoja na kiu kali, kukataa chakula kabisa, au damu nyingi kwenye mkojo, usingoje Jumatatu. Wasomaji wenye majike ambayo hayajatolewa kizazi nao nawaambia: kiu na mkojo mwingi wiki 4 hadi 8 baada ya joto la kutaka dume, hata bila usaha kuonekana, inaweza kuwa ni mji wa mimba uliojaa usaha, nao huua. Na wenye madume yasiyohasiwa, mkumbukeni tezi dume. Mbwa anayekamua kinyesi na mkojo kwa pamoja mara nyingi anabanwa nayo.

Tuje nyumbani, maana majibu ya daktari hayatafika usiku wa leo. Mtoe mara tu unapoamka, baada ya kila mlo, baada ya kila usingizi mrefu, na mara ya mwisho unapokwenda kulala wewe, si anapolala mtoto. Katikati ya mchana asikae zaidi ya muda wa saa 3 au 4 bila kutoka. Kwa siku chache weka na kengele ya saa 8 usiku. Najua inachosha, lakini usiku mmoja mkavu una faida kuliko asubuhi tano za kupiga deki. Na utoke naye mwenyewe. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi hufungua mlango tu wakabaki ndani, mbwa mzee akasimama kibarazani dakika tano akiwangoja, akarudi na kibofu kilichojaa. Ukiwa naye utamwona akikojoa, utajua ni kiasi gani, na utampa kitonge kidogo palepale, kabla hajageuka kurudi. Akiingia nacho ndani, amezawadiwa kwa kuingia.

Palipochafuliwa pakaushwe kwanza kwa kitambaa, kisha paoshwe kwa sabuni yenye vimeng'enya, ile inayovunja mkojo wenyewe na si kuufunika kwa manukato. Epuka dawa zenye amonia, kwani kwa pua ya mbwa zinakaribiana na mkojo na zinamwonyesha pa kurudia. Wala usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo mbichi au kuichanganya na amonia. Mvuke wake unachoma mapafu, na una mtoto mchanga ndani. Kwa ajili ya mtoto huyo huyo vaa glavu na unawe mikono, kwa sababu homa ya leptospira hupita kwenye mkojo wa mbwa na nayo ni moja ya sababu za figo kuugua. Kama chanjo yake imepitwa, mwambie daktari.

Kitandani weka kitambaa kisichopitisha maji chini na shuka jepesi juu, libadilishwe kila asubuhi. Nepi za mbwa zipo, lakini zisiwe za kuvaa kutwa. Mkojo ukikaa kwenye ngozi unaichubua na kualika vijidudu virudi juu. Mkague tumboni na mapajani kila siku, na umwoshe kwa maji ya uvuguvugu.

Kuhusu kumhamishia nje, nakuomba usifanye hivyo. Mbwa aliyelala ndani miaka yote hatalala huko, atalia, na wewe utapoteza kitu cha thamani kuliko usafi wa sebule: kuona nini kinatokea saa ngapi. Badala yake egemeza simu kwenye kiti usiku mmoja irekodi kitanda chake na mlango wa nyuma. Dakika mbili za video hiyo, akiinuka kwa shida, au akikwaruza mlango, au akivuja usingizini, zitamsaidia daktari kuliko maelezo yetu yote.

Na ndiyo, anafundishika. Mbwa wa miaka 11 hurudi kwenye ratiba kwa wiki moja au mbili, haraka kuliko mtoto wa mbwa, kwa kuwa anakumbushwa tu. Lakini somo hilo lisubiri hadi mwili wake uweze kulitii.

Basi anza kupima maji kesho asubuhi, mkojo uchukue siku ya tatu, uende nao pamoja na karatasi ya hesabu zako. Ukipata majibu niandikie tena, na uniambie pia ni nani anayefunga mlango wa korido usiku.